Sir Frederick Treves: Mpasuaji Aliyelisikiliza Tumbo

Wapendwa wasomaji, kurasa hizi zimezoea kutuletea maisha ya maaskofu, wamisionari na mashahidi wa imani. Mwezi huu twaomba ruhusa yenu tuwaletee habari za mtu wa namna nyingine. Hakuvaa kanzu ya upadre wala hakupanda mimbarani. Alikuwa mpasuaji katika hospitali ya maskini huko London, na kazi yake kubwa ilikuwa kujifunza jambo ambalo wengi wetu twaona haya hata kulitaja mbele za watu, yaani tumbo lililofunga. Jina lake ni Sir Frederick Treves, aliyefariki mwaka 1923.

Tumemchagua kwa sababu. Kwetu mtu akisema tumbo linamsokota, jirani wa kwanza humletea haluli. Wa pili huchimba mizizi, wa tatu husema ni chango, na wa nne hunong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Kila mmoja ana nia njema, lakini wote pamoja wamekula siku tatu za mgonjwa, na katika ugonjwa huu siku tatu ni nyingi mno. Treves alitumia nusu ya maisha yake kuwafundisha waganga wenzake kwamba tumbo lina habari ya kusimulia, na kwamba anayeisikiliza mapema huokoa roho. Tena somo hilo lilimfuata hata nyumbani kwake mwenyewe, kama tutakavyoona.

Frederick Treves alizaliwa tarehe 15 Februari 1853 katika mji wa Dorchester, jimbo la Dorset, kusini magharibi mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mfanya biashara ya samani. Akiwa mtoto mdogo alisoma katika shule ya William Barnes, kasisi wa Kanisa la Uingereza aliyekuwa pia mshairi na aliyependa kuandika kwa lugha ya wakulima wa Dorset. Baadaye kijana alipelekwa London kusoma katika shule ya Merchant Taylors', na mwaka 1871 akaanza masomo ya uganga, akiyafanya katika London Hospital, iliyoko Whitechapel, upande wa mashariki wa jiji.

Yafaa tuieleze hospitali hiyo kidogo. Ilianzishwa mwaka 1740, na waliofika mlangoni pake walikuwa wachukuzi wa bandarini, washona nguo, wahamiaji na watoto wa vichochoroni. Dawa ya kulaza wagonjwa ilikuwa imekwisha kupatikana tangu mwaka 1846, na Joseph Lister alikuwa ameanza mwaka 1867 kutangaza njia yake ya kuzuia uozo wa vidonda. Lakini mafundisho mapya huchelewa kuingia katika nyumba za zamani. Treves alipokuwa kijana, mpasuaji alifanya kazi akiwa amevaa koti kuukuu lililokauka damu ya miaka mingi, wala hakuna aliyeona ajabu. Vidonda vilioza, wagonjwa walikufa, na watu wa mtaa waliiogopa hospitali kama wanavyoogopa mauti.

Alipohitimu alikwenda kufanya kazi Wirksworth, mji mdogo wa Derbyshire, na mwaka 1877 akamwoa Anne Mason. Walijaliwa mabinti wawili, Enid na Hetty. Kazi ya mji mdogo haikumtosha, akarudi London. Mwaka 1879 alipewa cheo cha mpasuaji msaidizi katika hospitali yake ya zamani, na mwaka 1884 akawa mpasuaji kamili. Alikuwa mtu wa kuamka alfajiri na kuandika kabla ya wengine kufumbua macho. Wanafunzi walimpenda kwa sababu alifundisha habari za mwili wa mwanadamu kwa maneno mepesi, kama mtu anayemwonyesha mgeni vyumba vya nyumba yake.

Basi tuje kwenye jambo lililompa jina. Utumbo ni njia. Chakula huingia juu, taka hutoka chini, na kuta za utumbo hujikunja na kujikunjua usiku na mchana zikiusukuma mzigo mbele. Njia hiyo ikizibwa, utumbo hauachi kusukuma, bali huongeza bidii. Ndipo mgonjwa hupata maumivu yanayokuja kwa mawimbi: yanapanda, yanakaza, yanalegea, kisha yanarudi tena. Chakula na maji yakikosa njia ya kushuka hurudi juu, mgonjwa akatapika. Tumbo huvimba. Choo hukoma, na mwisho hata upepo hautoki. Tena ikiwa mishipa ya damu ya sehemu ile imenyongwa, utumbo hufa na kutoboka, na uchafu wake humwagika tumboni na kulitia sumu tumbo lote.

Siku za ujana wa Treves, tiba ya ugonjwa huu ilikuwa kama kupiga mshale gizani. Wagonjwa walipewa afyuni ya kutuliza maumivu, nayo iliyafunika maumivu yenyewe yaliyokuwa yakitoa habari. Walipigwa bomba la maji, walipulizwa hewa, na wengine walinyweshwa hata zebaki kwa tumaini kwamba uzito wake ungefungua njia. Mpasuaji aliitwa mwisho wa yote, mgonjwa akiwa karibu na kukata roho. Basi wengi waliopasuliwa walikufa, na habari za kufa kwao zikawaogofya wengine, nao wakachelewa vilevile. Hofu ilizaa vifo, na vifo vikaizidisha hofu.

Hata hivyo nuru ilikuwa imeanza kuonekana. Mwaka 1871, Jonathan Hutchinson, mmoja wa wapasuaji wakubwa wa hospitali hiyo hiyo ya Whitechapel, alimpasua mtoto wa miaka miwili ambaye utumbo wake ulikuwa umejiingiza ndani yake wenyewe. Aliuvuta taratibu ukatoka, na mtoto akapona. Treves aliona kwamba kisu hakikuwa adui. Kilichoua kilikuwa kuchelewa, na kilichosababisha kuchelewa kilikuwa kutojua ni nini hasa kilichoziba.

Kwa hiyo alianza kukusanya habari. Alisoma taarifa za wagonjwa wa zamani, akachunguza miili ya waliokufa, akalinganisha yale mgonjwa aliyoyaeleza akiwa hai na yale yaliyoonekana baada ya kifo. Mwaka 1883 alipata tuzo iitwayo Jacksonian, itolewayo na Chuo cha Kifalme cha Wapasuaji, kwa maandiko yake juu ya kuziba kwa utumbo. Mwaka 1884 yalitolewa kuwa kitabu, na mwaka 1899 akakitoa tena baada ya kukisahihisha na kukiongeza. Mwaka 1885 alitoa mihadhara mbele ya chuo hicho juu ya umbo la utumbo, baada ya kuichunguza miili 100. Aliona kwamba watu hawafanani hata ndani: utumbo mwembamba wa mmoja waweza kuwa na urefu unaokaribia mara mbili ya ule wa mwenzake.

Katika kitabu chake alizipanga sababu za kuziba mafungu mafungu. Kuna utumbo kunaswa na kamba za makovu au kubanwa katika ngiri ya ndani. Kuna utumbo kujisokota, na utumbo kujiingiza ndani yake wenyewe. Kuna njia kuwa nyembamba kwa kovu au kwa saratani, kuna uvimbe, kuna mawe ya nyongo yaliyoshuka, na kuna choo kilichokauka kikawa kama udongo. Mgonjwa mmoja hulia kama mwingine, lakini chanzo si kimoja. Mganga asiyejua kutofautisha atawapa wote dawa moja, na mmoja wao ataipata kuwa sumu. Haluli yaweza kumsaidia mwenye choo kikavu tu, lakini kwa mwenye utumbo uliojisokota ni kama kumchapa punda aliyefungwa miguu.

Mtu atauliza, siku zile pasipo picha za eksirei, walitofautishaje? Jibu ni kwamba waliuliza maswali, wakangoja majibu. Maumivu yalianza ghafula au polepole? Yanakuja na kuondoka, au sasa yamekuwa ya daima? Maana maumivu ya mawimbi yakigeuka kuwa ya daima, huenda utumbo umeanza kufa. Kutapika kulianza mapema au kulichelewa? Kukianza mapema na tumbo likawa halijavimba sana, kizuizi huenda kiko juu. Kukichelewa na tumbo likawa kama ngoma, huenda kiko chini. Mgonjwa aliwahi kupasuliwa tumbo zamani? Ana ngiri kinenani? Choo kilitoka na damu? Kisha mganga alilitazama tumbo, akaligusa kwa kiganja chenye joto, na kulisikiliza. Hatua hizi zingali msingi wa kazi hata leo.

Sasa twataka kueleza kwa makini aina moja ya kizuizi, kwa kuwa ndiyo inayowadanganya watu kuliko zote. Ni uvimbe usio wa saratani unaoota ndani ya utumbo wa mtu mzima. Waweza kuwa donge la mafuta, waganga huliita lipoma, au kinyama chenye kikonyo kiitwacho polipu. Uvimbe wa namna hii hauli nyama za jirani wala hausambai mwilini. Twaweza kuuita mpole. Lakini umekaa njiani, na utumbo haujui kupambanua donge na chakula. Huushika na kuusukuma mbele kama tonge. Uvimbe, kwa kuwa umeshikamana na ukuta, huuvuta ukuta pamoja nao, hata sehemu ya juu ya utumbo ikaingia ndani ya sehemu ya chini, kama mkono wa kanzu unavyoingia ndani ukivutwa kwa ncha. Ndipo njia huziba, na damu hubanwa.

Ujanja wake ni huu: mara nyingi hauji kwa kishindo. Utumbo huingia, halafu hutoka wenyewe. Mgonjwa husokotwa tumbo baada ya kula, hutapika, hulala kwa taabu usiku mmoja, na asubuhi huamka mzima na kwenda shambani. Baada ya majuma kadhaa mambo yanarudi. Hivyo yaweza kupita miezi. Wenyeji husema ana vidonda vya tumbo, au ana minyoo, au chakula cha arusini hakikumpatana. Hata akifika kwa mganga siku ya utulivu, tumbo ni laini na hakuna kinachogusika. Basi picha ya ugonjwa haimo tumboni siku ile, bali imo katika masimulizi ya mgonjwa: mara ngapi, kwa muda gani, je, kuna donge linalotokea wakati wa maumivu na kutoweka baadaye, je, choo kimewahi kuwa na damu, je, amepungukiwa damu pasipo sababu. Mganga asiyekuwa na subira ya kuuliza hayo atampa dawa ya minyoo na kumrudisha nyumbani.

Jambo hili la kusikiliza Treves alifundishwa pia na mtu asiyekuwa mganga. Mwaka huo wa 1884, katika duka moja mkabala na hospitali, alimwona kijana aitwaye Joseph Merrick, aliyekuwa akionyeshwa kwa fedha kwa sababu mwili wake ulikuwa umeharibika vibaya kwa uvimbe wa ngozi na mifupa. Treves alimtazama, akampima, akaandika habari zake, akadhani kwamba kijana huyo hana akili timamu, kwani maneno yake yalikuwa hayasikiki vizuri. Mwaka 1886 Merrick, akiwa hana mahali pa kwenda, alipatikana katika stesheni ya Liverpool Street akiwa na kadi ya Treves, naye akapewa chumba katika hospitali. Treves alipoketi naye siku baada ya siku na kuyazoea maneno yake, aligundua kwamba mtu huyu ana akili nzuri na moyo mpole, msomaji wa Biblia na wa Kitabu cha Sala. Alijenga kwa makaratasi mfano wa kanisa kubwa, unaotunzwa hata leo. Alifariki mwaka 1890. Tumelileta jambo hili kwa kuwa linafanana na lile la tumbo. Jicho liliona nje likahukumu upesi. Sikio ndilo lililopata ukweli.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba Treves hakukosea katika fani yake. Mwaka 1887 alikuwa miongoni mwa wapasuaji wa kwanza wa Uingereza kumpasua mtu mwenye ugonjwa wa kidole tumbo unaorudiarudia. Lakini aliamini kwamba ni afadhali kungoja dhoruba ya kwanza ipite, kisha mgonjwa apasuliwe akiwa ametulia. Wenzake, hasa wa Marekani, walisema kwamba kungoja ni hatari, na miaka iliyofuata ilionyesha kwamba wao ndio waliokuwa karibu zaidi na ukweli.

Vita ya Makaburu ilipozuka mwaka 1899, Treves alikwenda Afrika Kusini kutibu majeruhi wa jeshi lililokuwa likienda kuukomboa mji wa Ladysmith. Mwaka 1900 alikuwa amerudi nyumbani, na ndipo msiba ulipobisha mlangoni mwake. Binti yake mdogo, Hetty, mwenye umri wa miaka 18 hivi, aliugua tumbo. Ulikuwa ugonjwa wa kidole tumbo, naye akafa. Baba aliyeandika vitabu juu ya matumbo ya wengine hakuweza kumwokoa mtoto wake. Hatusemi hili kwa kumlaumu. Twalisema kwa sababu kila mzazi anayesoma ukurasa huu ajue kwamba ugonjwa wa tumbo haumheshimu hata mwenye elimu, na kwamba elimu nayo haina nguvu juu ya saa zilizokwisha kupita.

Miaka miwili baadaye mtu huyo huyo alisimama kando ya kitanda cha mfalme. Edward VII alikuwa atawazwe katika Westminster Abbey tarehe 26 Juni 1902. Wageni walikuwa wamekwisha kuwasili kutoka nchi nyingi. Katikati ya mwezi huo mfalme aliumwa tumbo, akapata nafuu, akazidiwa tena. Treves na wenzake waliona kwamba kando ya kidole tumbo kumejaa usaha. Mfalme hakutaka kuahirisha, akashikilia kwamba atakwenda kanisani liwe liwalo. Treves alimwambia waziwazi kwamba akienda, itakuwa ni maiti yake itakayofikishwa huko. Si kazi rahisi kumwambia mfalme hapana, lakini mtu aliyekwisha kumzika binti yake anajua bei ya kusitasita. Tarehe 24 Juni, katika chumba cha jumba la Buckingham, alimpasua na kuutoa usaha. Lister mwenyewe, sasa akiwa mzee, alikuwa mmoja wa walioshauriwa. Mfalme alipona, na chakula kingi kilichokuwa kimeandaliwa kwa karamu kiligawiwa maskini wa London, wakiwamo wa Whitechapel. Tarehe 9 Agosti 1902 alitawazwa na Askofu Mkuu wa Canterbury, Frederick Temple. Watu wengi walioogopa kupasuliwa tumbo waliondokewa na hofu walipoona kwamba mfalme amepasuliwa na akaishi.

Treves alipewa daraja ya heshima ya baronet, lakini hakukaa sana katika kazi. Alikuwa amekwisha kuacha kazi ya hospitali mwaka 1898, na sasa aligeukia kusafiri na kuandika. Alipenda bahari hata akapata cheti cha unahodha. Alifika pia Afrika Mashariki, akaandika kitabu juu ya safari yake ya Uganda, kilichotolewa mwaka 1910. Aliitazama nchi kwa macho ya mgeni wa siku zile za ukoloni. Lakini wakati huo Dkt. Albert Cook wa CMS alikuwa na hospitali yake Mengo tangu mwaka 1897, na maarifa ya upasuaji yaliyokuwa yamejengwa katika hospitali za London yalikuwa yamekwisha kuanza kuwafaa watu wa kwetu pia.

Miaka yake ya mwisho aliishi ng'ambo ya Uingereza. Alifariki Lausanne, nchi ya Uswisi, tarehe 7 Desemba 1923, akiwa na umri wa miaka 70. Kilichomwua kilikuwa uambukizo wa utando wa ndani wa tumbo, ugonjwa ule ule aliopigana nao tangu ujana. Majivu yake yalirudishwa Dorchester, na katika mazishi yake, mwanzoni mwa Januari 1924, alikuwapo rafiki yake mzee, mwandishi Thomas Hardy, mwana wa Dorset kama yeye.

Tangu siku hizo miaka zaidi ya 100 imepita, na waganga wamepewa macho ambayo Treves hakuwa nayo alipoandika kitabu chake cha kwanza. Eksirei iligunduliwa na Röntgen mwaka 1895. Picha yake huonyesha matumbo yaliyojaa hewa na maji. Kuna ultrasaundi, na tangu miaka ya 1970 kuna mashine ya CT skani, ambayo huuonyesha mwili kama mkate uliokatwa vipande. Katika picha hiyo utumbo uliojiingiza huonekana kama duara ndani ya duara, mfano wa shabaha ya kulengea, na donge la mafuta hutambulika kwa kuwa lina rangi ile ile ya mafuta mengine ya mwilini.

Tumejifunza pia kwamba mtoto na mtu mzima si sawa. Katika kila wagonjwa 100 wa utumbo kujiingiza, watu wazima ni 5 hivi tu, ndiyo maana hawadhaniwi upesi. Kwa mtoto mchanga mara nyingi hakuna uvimbe unaoonekana, na utumbo waweza kurudishwa kwa kusukumiwa hewa au maji hospitalini. Kwa mtu mzima, karibu tisa katika kumi wana kitu kilichouvuta utumbo. Katika utumbo mwembamba kitu hicho mara nyingi si saratani. Katika utumbo mpana shaka ya saratani ni kubwa zaidi. Kwa hiyo mpasuaji kwa kawaida huikata sehemu ile na kuunganisha ncha mbili, na kipande kilichotolewa hupelekwa kuchunguzwa kwa darubini. Hapo tu ndipo neno la mwisho hutolewa.

Twawasihi basi, wapendwa, msikate tamaa mkisikia neno uvimbe. Si kila uvimbe ni saratani, na uvimbe mpole ukiondolewa mapema mtu hurudi kwenye kazi yake na watoto wake. Wala msistarehe mkisikia kwamba si saratani. Jiwe dogo halina ubaya wowote, lakini likikaa katika mfereji shamba zima litakauka.

Ikiwa mtu nyumbani kwako ana maumivu ya tumbo yanayokuja kwa mawimbi, anatapika, tumbo linavimba, naye hapati choo wala upepo hautoki, usimpe haluli. Usimlazimishe kula. Usimpige bomba. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, hata kama ni Jumapili wakati wa ibada. Huko atawekewa dripu ya maji, na mpira wa puani wa kulipunguza tumbo, wakati waganga wakitafuta chanzo. Na ikiwa maumivu yake huja na kuondoka kwa miezi, msiseme amepona kila yanapoondoka. Andikeni siku yalipokuja, yalidumu saa ngapi, alikuwa amekula nini, alitapika au la, choo kilikuwaje. Karatasi hiyo mpelekeeni mganga. Yaweza kumwambia mengi kuliko kiganja chake siku ya utulivu.

Wako watakaouliza, na sala je? Sala ni lazima. Mwiteni padre ampake mgonjwa mafuta, na akina mama wa mtaa wakeshe wakiomba. Lakini padre aweza kumpaka mafuta akiwa kitandani hospitalini kama vile akiwa kitandani nyumbani, na Mungu husikia kutoka mahali pote pawili. Kanisa letu humkumbuka Mtakatifu Luka, Mwinjilisti na mganga, kila tarehe 18 Oktoba, wala halijawahi kuona aibu kuziweka kazi hizo mbili katika jina moja.

Mungu awabariki waganga, wauguzi na wote wanaokesha vitandani mwa wagonjwa. Awape subira ya kusikiliza, na sisi atupe moyo wa kusema mapema. Amina.